Mimea Iliyokubali Usambara

Mwaka 1891 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kufyeka msitu wa Derema, Usambara Mashariki, ili ipande kahawa. Huko mvua haina choyo. Hata miezi inayohesabiwa kuwa ya kiangazi hupata manyunyu, na asubuhi ukungu hutambaa hadi mlangoni. Mitambara na misambu ilikuwa imesimama pale kwa karne nyingi, mashina yake mtu mmoja hawezi kuyakumbatia. Wazungu waliotazama miti hiyo kutoka chini walijiambia kuwa ardhi iliyolea majitu ya namna hii haiwezi kushindwa kulea mbuni.

Ilishindwa. Rutuba ya msitu wa mvua haiko chini sana ardhini. Imo katika majani yanayoanguka, yakaoza, yakarudi mizizini kabla mvua haijayawahi. Miti ikishakatwa na kuchomwa, mzunguko huo hukatika, na mvua ileile iliyokuwa neema huosha kila kilicho bora na kuacha udongo mwekundu wenye tindikali. Mibuni ya Derema na mashamba jirani ilistawi kwa miaka michache, ikawapa wenyewe matumaini makubwa, kisha majani yakaanza kugeuka njano. Kutu ya majani ikaingia, bungua wakatoboa mashina, na karne ilipokuwa inaelekea ukingoni kahawa ya Brazil ikafurika sokoni, bei ikaporomoka. Mashamba yaliyogharimu fedha nyingi na jasho jingi yakaanza kutafuta zao jingine.

Historia ya bustani na mashamba ya Usambara kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata majina ya wenye mali. Mimi napenda kuifuata kwa mimea yenyewe: ipi ilikubali, ipi ilikataa, na nani aliyeichukua mikononi baada ya mwenye bustani kuondoka. Kwa njia hiyo habari inakuwa ndefu zaidi, na inatoka nje ya ua wa shamba la Mzungu.

Kwanza, milima hii haikuwa pori lililosubiri kulimwa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, alifika Vuga mwaka 1848 kuonana na Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa ukoo wa Wakilindi. Nchi aliyoikuta ilikuwa na watu, vijiji na migomba. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, walipenda kujenga karibu na kingo za milima, na walikuwa na sababu. Mlimani walikuwa na migomba, maharage na miwa. Chini nyikani, safari ya saa chache, walilima nafaka zinazovumilia jua. Mwaka ambao mvua ya huku ilikosa, ya kule iliwaokoa. Tumbaku ya Usambara iliuzwa hadi pwani.

Na mingi kati ya mimea hiyo nayo ilikuwa migeni. Mgomba asili yake ni Asia. Mahindi, muhogo na tumbaku vilitoka bara la Amerika, vikapanda milima kutoka pwani kwa mikono ya wafanyabiashara na wakulima wenyewe. Mkulima aliipanda kidogo pembeni, akaitazama msimu mmoja, misimu miwili, akaonja, akaamua. Kilichobadilika walipokuja Wajerumani ni nani mwenye uamuzi, na ni ardhi ya nani inayofanyiwa jaribio.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na vita vya urithi kati ya wanawe na wajukuu wake viliidhoofisha nchi wakati biashara ya watumwa na bunduki ilipokuwa kali. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Mashamba yakazidi kupanuka. Lakini kupata ardhi si kupata watu wa kuilima, na Wasambaa, waliokuwa na mashamba yao ya kuwalisha, hawakuona kwa nini waende kupalilia kahawa ya mtu mwingine. Mwaka 1892 kampuni iliagiza vibarua Wachina na Wajava kutoka Mashariki ya Mbali. Baadaye wakaja Wanyamwezi na Wasukuma, wakitembea majuma mengi kutoka bara. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya wilaya ikawatwisha wanaume wa Usambara kadi ya kazi: siku 30 za kumtumikia Mzungu kila miezi 4, na asiyetimiza alichukuliwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Mingi kati ya mimea ya mashambani nitakayoitaja kuanzia hapa ilichimbiwa mashimo na watu hao.

Sasa tulitazame ua.

Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtu aliyependa mimea kama alivyofundishwa na baba yake. Katika miamba ya chokaa karibu na Tanga, na tena kwenye misitu ya Usambara, aliona kijimea cha chini, majani yenye manyoya laini yaliyojipanga kama duara juu ya jiwe lenye kuvu na unyevu, na maua ya zambarau yenye kitovu cha njano. Aliupeleka mmea huo kwa baba yake, Ulrich, huko Fischbach, Silesia. Baba naye akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuandika kitaalamu na kuupa jina Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana. Mwaka huohuo ulionyeshwa katika maonyesho makubwa ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na watu wakausongea.

Kwa kweli haikuwa mara ya kwanza ua hilo kuchumwa kwa ajili ya wataalamu. John Kirk, konseli wa Uingereza Zanzibar, alikuwa amelichuma mwaka 1884, na mwaka 1887 akafuata W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanamfahamu Taylor kwa kazi nyingine kabisa: ndiye aliyekusanya methali za Waswahili na, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, kuhifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji. Inanifurahisha kuwa mikono iliyoandika tungo za Muyaka iliwahi kushika ua hili. Lakini sampuli hizo zilifika bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, zikiwa zimekauka na hazikutosha kuandikiwa maelezo, zikabaki kwenye makabati.

Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary mjini Erfurt ilianza kuuza mbegu za ua hilo, na kwa miaka 30 hivi likawa pambo la vibanda vya kioo vya matajiri wa Ulaya. Umaarufu wake mkubwa ulitoka Marekani. Mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaotesha miche mingi, wakachagua michache iliyowapendeza na kuitupa iliyobaki. Kutoka katika michache hiyo imetokea idadi kubwa ya aina zinazouzwa leo. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo nchini Marekani walianzisha chama chao.

Kwa nini ua la msitu wa Tanga lilikubali dirishani mwa nyumba za Chicago? Jibu limo katika jiwe lililoliotesha. Chini ya miti mirefu mwanga ni hafifu, joto halibadiliki sana, na udongo ulio juu ya mwamba ni kiganja kimoja tu. Sebule yenye kupashwa moto wakati wa baridi inafanana na hali hiyo kuliko bustani yoyote ya nje. Tena, jani lake moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi na kuzaa mche kamili, kwa hiyo jirani humgawia jirani bila duka wala fundi. Huku nyumbani, wakati huohuo, ndugu za ua hilo wamebanwa. Baadhi hawajulikani ila katika kilima kimoja au bonde moja, na kivuli kikiondolewa juu ya mwamba wao hukauka. Majina yaliyopewa baadhi yao na wataalamu ni majina ya kwetu: Magunga, Tongwe, Shume. Mwaka 2015 wataalamu waliamua kuyaingiza maua haya yote katika jenasi ya Streptocarpus, ila wauzaji wa maua hawana haraka ya kubadilisha vibao vyao.

Kuna ua jingine lililotoka hapa kimyakimya. Carl Holst, mtunza bustani wa Kijerumani, alizunguka Usambara kuanzia mwaka 1891 akikusanya mimea kwa ajili ya Berlin, hadi alipofariki mwaka 1894. Kati ya alivyopeleka kulikuwa na ua jekundu la kando ya vijito lililoitwa Impatiens holstii. Kirk naye alikuwa amepeleka Kew ua la jamii hiyohiyo kutoka Zanzibar, likaitwa Impatiens sultanii kwa heshima ya Sultani. Leo yote mawili yanahesabiwa kuwa aina moja, Impatiens walleriana, na miji mingi ya Ulaya imelipanda kwenye vitanda vya maua vya manispaa.

Wakati maua yakienda, mimea ya faida ilikuwa inaletwa. Safari mashuhuri kuliko zote ni ya mkonge. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ile iliyofyeka Derema, alisoma habari za zao hilo la Meksiko, ambako kutoa miche nje ya nchi kulikuwa kumezuiwa. Akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipita Hamburg, mingi ikafa njiani, na mwaka 1893 iliyopandwa Kikokwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yaliyojaza nyanda zilizo chini ya Usambara, kando ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Miaka ya mwanzo ya uhuru Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Habari za manamba waliokata mkonge huo zinastahili kitabu chake, na sitaki kuzipunja kwa aya moja.

Nirudi mlimani, upande wa Lushoto, ambako habari ni tofauti.

Usambara Magharibi ni juu zaidi, ni baridi zaidi, na Wajerumani walipafurahia kwa sababu palifanana na kwao. Lushoto waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na maofisa walipanda huko kukimbia joto la pwani. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel walikuwa wamefika Mlalo tangu mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895. Watawa wa Kitrapisti walikuja Gare mwaka 1897. Mwaka 1896 serikali ilifungua shamba la majaribio Kwai, kaskazini ya Lushoto, katika nyanda za juu ambako Wambugu walikuwa wakichunga ng'ombe wao. Kwa macho ya mgeni majani yale yalikuwa hayana mwenyewe. Kwa Wambugu yalikuwa malisho.

Kwai palijaribiwa karibu kila kitu ambacho Mjerumani alikitamani mezani: ngano, shayiri, viazi mviringo, kabichi, karoti, miti ya matunda ya Ulaya, mifugo ya maziwa. Lengo lilikuwa kuthibitisha kuwa walowezi wengi wa Kizungu wangeweza kuishi hapa kwa jasho lao. Hilo halikutokea. Ardhi nzuri ilikuwa tayari na watu, soko la pwani lilikuwa dogo, na gharama ya kuteremsha mzigo mlimani ilimeza faida. Baada ya miaka michache serikali ikalikodisha shamba hilo kwa mlowezi mmoja.

Lakini viazi, kabichi na matunda havikuondoka na mpango ulioshindwa. Wanaume na wanawake waliopalilia vitalu vya serikali na vya misheni walijua tayari jinsi mche wa mpichi unavyobebeshwa na mbegu ya karoti inavyomwagwa. Mbegu zilivuka ua. Ziliingia mabondeni, kwenye ardhi yenye maji ambako Wasambaa walikuwa na ujuzi wa mifereji, zikapangwa kati ya maharage na mahindi, pembeni ya migomba. Zilipita katika mtihani uleule wa zamani: panda kidogo, tazama, onja, amua. Ngano haikupata nafasi kubwa. Kabichi ilipata, kwa sababu hukomaa haraka na huuzika. Plamu, mapeasi na mapichi yalipata, kwa sababu miti hiyo inahitaji baridi ambayo tambarare haina, na hivyo Lushoto haina mshindani wa karibu. Anayepita Mombo msimu wa plamu huona ndoo na vikapu vimepangwa kando ya barabara, na magari yenye mboga yakishuka kutoka Soni kwenda Tanga na Dar es Salaam. Walowezi waliokusudiwa hawakuja kwa wingi. Bustani yao ikawa uchumi wa wilaya.

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani iliamua kufanya jambo hili kwa sayansi na kwa ukubwa. Ilianzisha taasisi ya biolojia na kilimo Amani, Usambara Mashariki, si mbali na Derema. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, aliyewahi kusafiri na mvumbuzi Emin Pasha. Aliyemfuata, Albrecht Zimmermann, alikuwa amefanya kazi Buitenzorg kisiwani Java, katika bustani ya Waholanzi iliyokuwa mfano kwa wote. Bustani ya Amani ilienea kwenye hekta zipatazo 300, kuanzia bonde la Sigi kulikokuwa na joto hadi miinuko ya baridi. Mmea ulioletwa ulipandwa kwenye urefu mbalimbali ili ionekane wapi utakubali. Ililetwa mikwinini, mikafuri, midalasini, mikarafuu, vanila, misaji, mianzi mikubwa, minazi na michikichi ya kila namna, mikaratusi, mikakao na aina kadhaa za mipira. Mwaka 1904 chai ilijaribiwa, na baada ya miongo kadhaa ndiyo iliyorithi sehemu kubwa ya ardhi ya kahawa iliyokufa. Ukipita leo kati ya Derema na Kwamkoro, kijani kile kilichokatwa sawasawa ni chai.

Vita vya mwaka 1914 vilivyofunga bandari ndivyo vilivyoipima bustani. Meli hazikufika, dawa hazikufika. Zimmermann na wafanyakazi wa Amani walitengeneza kutokana na mimea yao kwinini, sabuni, mafuta, mishumaa, chokoleti, vitu vya mpira na pombe kali. Gome la mkwinini lilisagwa usiku na mchana. Majeshi yaliporudi nyuma na vifaa vya kiwanda vikakosekana, askari na wapagazi walinyweshwa maji machungu ya gome lililochemshwa, kinywaji ambacho Wajerumani walikiita kwa jina la jemadari wao, Lettow. Waingereza waliingia Amani mwaka 1916.

Bustani ya majaribio ina hatari yake, na Amani iliionyesha. Mti ulioitwa kwa jina la Emin Pasha, Maesopsis eminii, wenyeji huuita mhesi. Uliletwa kutoka magharibi ya nchi mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu unakua haraka. Matunda yake hupendwa sana na hondohondo, na ndege hao huzitawanya mbegu mbali. Kwa miongo mingi mti huo ulikuwa na subira, kwa kuwa msitu mzima uliofunga haumpi mgeni mwanga. Ila ukataji wa magogo wa miaka ya 1970 na 1980 ulipoufungua msitu, mihesi ilijaza kila pengo. Kichaka cha Clidemia hirta, kilichotoroka bustanini, kikafuata njia hiyohiyo. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalinda msitu adimu kabisa duniani pamoja na wavamizi waliozaliwa katika bustani iliyomo ndani yake. Kuwatoa bila kuujeruhi msitu ni kazi ngumu, na wanaoifanya wanastahili msaada kuliko wanaoupata.

Mpira wa Ceará ulikuwa na mkasa wake. Mti huo ni ndugu wa muhogo, asili yake Brazil, na kahawa ilipokufa ulipandwa kwa pupa kote Usambara na nyanda za Tanga. Mwaka 1913 bei ya mpira duniani ilianguka na mashamba yakaachwa. Miti ilibaki. Wanawake waligundua kuwa majani yake, yakitwangwa na kupikwa vizuri, ni kisamvu, na hadi leo kisamvu cha mpira kipo sokoni na majumbani, nazi juu yake.

Ndugu huyo wa muhogo alikuwa na zawadi kubwa zaidi. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg alikuwa ameandika kwa mara ya kwanza juu ya ugonjwa wa muhogo wa Afrika Mashariki unaokunja majani na kuyatia mabaka, ule tunaouita batobato. Hauui mmea upesi. Unadumaza mizizi, na familia inachimba kitu kidogo sana kuliko ilichotarajia. Chini ya Waingereza Amani ilikuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima, na miaka ya 1930 mtaalamu wa magonjwa ya mimea, H. H. Storey, alianza kuuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini. Aliyefaa kuliko wote alikuwa mpira ule uliotelekezwa, kwa sababu batobato haikuupata kirahisi. Watoto wa kwanza wa mchanganyiko huo walikuwa wagumu, wenye mizizi ya kamba. Wakarudishwa kwa muhogo mara ya pili, mara ya tatu, kizazi baada ya kizazi, wakitupwa waliougua na kubakizwa waliovumilia.

Utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kazi ya muhogo haikupotea. Miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Moor Plantation, Ibadan, Nigeria, na kutoka kwenye miche hiyo ukachaguliwa mmoja uliopewa namba 58308. Miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, iliyopo Ibadan vilevile, iliufanya mmea huo mzazi wa aina mpya, mojawapo ikiitwa TMS 30572. Miaka ya 1990 batobato kali iliiangamiza mihogo ya Uganda, wilaya baada ya wilaya, na watu wakakaa na njaa katika mashamba yaliyojaa majani. Aina zilizogawiwa wakulima kupanda upya ni pamoja na hiyo 30572, ambayo Uganda waliiita Migyera, na kutoka huko vijiti vyake vilifungwa mafungu vikasambaa vijijini.